Buti Nilizozitunza Miaka Saba

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimefungua belo la viatu nikakuta ndani yake mguu wa bandia, umevaa soksi na kiatu, kamba imefungwa vizuri. Nilikivua kile kiatu, nikachimba belo mpaka nikampata mwenzake, na kabla ya saa nne pea ilikuwa imeuzwa. Nimeona soko likiungua usiku, na asubuhi yake nikatandika turubai juu ya majivu yenye moto bado nikaita wateja. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu ya karo, na wale walioendelea mpaka mwisho leo wanakuja kwangu kuomba niwawekee pea mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hivyo mtu asiniambie kuna jambo sijaliona. Nilikuwa nikisema hivyo mbele ya watu wote. Hata leo nasema, ila naangalia kwanza ni nani amekaa karibu.

Kazi yangu ni viatu vya mitumba, hapa Eldoret. Nilianza na pea kumi na moja nikizitembeza begani. Sasa nina vibanda vitatu, na kule Munyaka nina nyumba za kupangisha, milango kumi na sita. Sikurithi hata jembe. Kitu Mungu alichonipa ni mkono. Nipe kiatu nimefunga macho. Nitakikunja, nitakinusa, nitakigonga mezani, halafu nitakwambia kimetembea miaka mingapi na mwenyewe alikuwa anakanyagia upande gani. Kuna mawakili wa Elgon View wanaoacha magari yao mbali, wanakuja kwangu kwa miguu ndiyo wasionekane, kwa sababu wanajua dukani watauziwa plastiki.

Nina binti mmoja na wavulana wawili. Binti ndiye wa kwanza. Amerithi jina la mama yangu, kwa hivyo mimi namwita Mama. Tangu alipojifunza kutembea, kila kiatu alichokanyagia dunia hii nilimchagulia mimi. Katika biashara yetu, viatu vya kwanza kutoka kwenye belo, vile safi kabisa, tunaviita kamera. Vile vya mwisho, vinavyobaki chini kama takataka, tunaviita fagia. Kuna miezi tulikula ugali na chumvi, lakini mtoto yule alienda shule na kamera miguuni. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, ananyoosha mguu ananiwekea juu ya goti, nami nabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba.

"Kidole kiko wapi?"

"Hapo, baba."

"Basi kimefika nyumbani."

Hata alipomaliza chuo na kupata kazi maabara, kwenye hospitali ya misheni kule Plateau, Jumamosi alikuwa anakuja kibandani, anakaa kwenye kigoda kile kile na mkoba wake wa bei, ananyoosha mguu. Wateja wakimwona msichana mkubwa hivyo anavalishwa na baba yake walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa nawaambia, cheka, wewe wako amekununulia nini?

Mwaka jana akaniletea mtu. Mhandisi wa maji, mtoto wa Elgon View, nyumba yao ina ua wa kukata kwa makasi. Sikuwa na neno naye. Alisalimia kwa mikono miwili, aliniita mzee, alikaa pale alipoonyeshwa. Lakini siku aliyonunua soksi kwangu nilimtajia bei akatoa pesa hapo hapo, hakubishana hata shilingi, na mtu wa namna hiyo mimi hunitia wasiwasi. Halafu alikuwa na ugonjwa wa kupanda milima. Nilimuuliza siku moja, "Kwani huko juu umepoteza ng'ombe?" Akacheka, akasema, "Hapana mzee, nafuata hewa." Hewa! Eldoret hii tunayoamka na koti mpaka saa tatu, yeye amekosa hewa.

Binti yangu naye akaanza kumfuata huko milimani. Ilipofika Oktoba, wazee wa pande zote mbili walikuwa wamepanga kukaa Desemba kuzungumza mahari. Jumamosi moja akaja na huyo kijana kibandani.

"Baba, twende Mlima Kenya, sisi watatu. Nataka mjuane kabla wazee hawajaanza mambo ya ng'ombe."

"Mimi kitu cha juu nilichowahi kupanda ni lori."

"Basi utapanda kingine. Si wewe husema huko ndiko babu alitoka?"

Hapo alinishika. Ni kweli, babu yangu alitoka chini ya mlima ule, na ati leo nionyeshwe na mtoto wa Elgon View? Nikakubali.

Kijana akatoa karatasi, akaanza kusoma vitu vya kubeba. Glavu, kofia, koti la mvua. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayepita karibu na mbwa, "Mzee, viatu tutakodi kule getini. Kiongozi wetu wa mlimani amenipigia, anasema mwaka huu theluji imeanguka mapema. Kuna barafu kwenye mawe huko juu. Wao wana buti za hiyo kazi."

Kibanda kilikuwa kimejaa. Jirani yangu, Msomali anayeuza majaketi mlango wa pili, alisikia. Hakuna kitu kinachompita.

"Wallahi leo nimeona," akasema. "Mkulima anauziwa mahindi shambani kwake!"

Watu wakacheka. Nikamwambia yule kijana, kwa sauti ya wote kusikia, "Mtoto wangu hawezi kuvaa kiatu cha kukodi. Ni kama kukodi mswaki."

Nikachukua ngazi, nikapanda darini, nikashusha gunia. Ndani yake kulikuwa na pea tatu za buti za mlimani, zilizotoka kwenye belo moja miaka saba nyuma. Ngozi nzito, soli zenye meno, hazijakanyaga hata vumbi. Watu wengi walishaniomba nikakataa. Nilikuwa naziteremsha mara mbili kwa mwaka, nazipaka mafuta, nazirudisha. Kuna viatu vingine havipatani na mteja wa kupita. Na sasa pea moja ilikuwa saizi yangu na nyingine saizi ya binti yangu, kama zilizoagizwa.

Kijana akaokota ya binti yangu, akaigeuza, akabonyeza soli.

"Mzee, hizi zimekaa muda gani?"

"Zimekaa kwa sababu ni nzuri. Kama ni mbaya ningekuwa nimeziuza."

Jirani akapiga makofi. Kijana akamtazama binti yangu, binti yangu akanitazama mimi. Sasa niseme ukweli, shindano halikuwa la viatu, na sisi watatu tulijua. Nilitaka kuona kama ataendelea kuniamini mimi na mkono wangu, au ameshahamia kwa mwingine. Akavuta kigoda akakaa, akanyoosha mguu.

"Nitavaa za baba," akasema.

Nilimvalisha taratibu. Siku hiyo niliuza vizuri sana.

Ikabaki siku moja tuondoke. Nikiwa peke yangu kibandani mchana, nazipaka buti mafuta, nikaona kwenye ncha ya ile ya kulia ya binti yangu ufa kati ya soli na ngozi. Mwembamba kama unywele. Nikaingiza ukucha, ukatoka unga wa kijivu.

Jambo hili sijamwambia mtu, hata mke wangu. Nilijua. Sikujua yote, lakini nilijua kinachotosha. Miaka miwili kabla ya hapo mteja alinirudishia buti za namna hiyo, soli imepukutika, nikamfukuza nikimwambia aliziweka karibu na jiko. Nikauona unga ule ule na nikamkumbuka uso wake. Lakini sisi watu wa mitumba tuna kazi yetu inaitwa kuamsha kiatu. Unakiosha, unakipiga gamu, unakipaka rangi, na maiti inaamka inatembea hadi nyumbani kwa mteja. Nimeamsha maelfu. Nikachukua gamu, nikajaza ule ufa, nikaikandamiza buti chini ya gunia la mahindi mpaka jioni, kisha nikapitisha rangi nyeusi. Hata mimi mwenyewe nilipoitafuta ile alama sikuiona. Nikajiambia ngozi ya namna hii haiwezi kumwangusha mtu. Nilikuwa na jioni nzima ya kusema, na safari nzima ya gari, Nakuru, Nyahururu mpaka Nanyuki. Ila ningelazimika kusema mbele ya yule kijana.

Getini tulimkuta kiongozi wetu, mwanamume mwembamba wa rika langu, na wabebaji wanne. Alikuwa na maneno machache. Aliutazama mlima uliofunikwa na mawingu akasema, "Umeamka vibaya mwaka huu. Hii theluji tulikuwa tunaitarajia mwezi ujao."

Siku ya kwanza nilitembea mbele ya kila mtu. Nilikuwa naimba. Nilimwambia kiongozi kwamba mtu aliyebeba magunia ya viatu tangu akiwa na miaka kumi na minne hawezi kubabaishwa na kilima. Akasema, "Pole pole, mzee." Nikadhani ananitania. Siku ya pili nilitembea nyuma ya kila mtu na sikuimba. Huko juu miti imekwisha, kuna mimea mirefu kama kabichi iliyowekwa juu ya nguzo, na tope linalomeza kifundo. Kichwa kilikuwa kinanigonga kama mlango. Binti yangu alikuwa anarudi nyuma kila mara kunipa maji.

"Baba, buti ziko sawa?"

"Za kwako?"

"Kama mkate," akasema.

Tulipofika kambi ya pili mchana, theluji ikaanza kuanguka. Sikuwa nimewahi kuiona. Inaanguka bila sauti, na mtu aliyezoea mvua ya Eldoret inayogonga mabati kama mawe anangoja kelele ambazo haziji. Kijana akaniuliza naionaje. Nikamwambia, "Ni friza ya buchari, ila imekosa nyama." Wabebaji wakacheka. Binti yangu akachota konzi akanitumbukizia shingoni, nikapiga kelele, nikamkimbiza kuzunguka kibanda cha kulala mpaka pumzi ikaniishia nikakaa juu ya jiwe. Alicheka hadi akashika mbavu. Nina miaka hamsini na tatu, na saa ile sijui kama nina nyingine ya kuifikia.

Jioni hiyo kijana alinipikia supu. Akaniuliza nilianzaje, nikamwambia habari ya pea kumi na moja, naye alisikiliza, akauliza maswali ya maana: nilizipata wapi, nilimlipa nani kwanza. Karibu nimpende. Halafu akasema, "Kesho kuna barafu chini ya hii theluji, mzee. Kila kitu ni soli." Pengine alisema tu kama mtu anavyosema. Mimi nilisikia kejeli, nikageukia ukuta.

Kawaida watu wanaondoka kambi ile usiku wa manane wakaone jua likitoka. Kiongozi alikataa. Alisema hatapandisha mtu gizani kwenye barafu, tukaondoka kumepambazuka. Mchanga na mawe yote yalikuwa yamefunikwa meupe, na ukikanyaga unasikia kitu kinavunjika kama sahani. Kule juu zaidi hakikuvunjika tena. Barafu ilikuwa imepaka mawe kama kioo, unayaona chini yake, jiwe lenyewe huligusi. Hapo kiongozi akatusimamisha akatoa meno ya chuma, yale ya kufunga chini ya kiatu kwa mikanda ili yaume barafu. Akatufunga mmoja mmoja. Alipofika kwa binti yangu alivuta mkanda, akatulia, akaitazama buti, akavuta tena kidogo.

"Zinabana?" akamuuliza.

"Ziko sawa."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Mdomo ulikuwa na baridi, lakini ulikuwa unafunguka.

Tulikwenda labda nusu saa. Kiongozi mbele, kisha kijana, kisha binti yangu, mimi nyuma. Tulikuwa tunakata mteremko kwa upande. Nilimwona anaweka mguu wa kulia, meno yakauma barafu, akaegemea, akainua wa kushoto. Na ule wa kulia ukatoka. Soli ilibaki pale pale imesimama kwenye barafu na meno yake, kama ndala mtu amevua mlangoni, na mguu na ngozi vikaenda zake. Hakupiga kelele. Aliteleza kwa ubavu hatua kumi, kumi na mbili, mguu ukaingia kati ya mawe mawili na mwili ukaendelea kidogo. Ule mlio nimeshausikia kwenye kuni.

Kiongozi na kijana walishuka kwake wakikaa kwa makalio, wakichimba kwa visigino. Mimi nilibaki juu. Niliinama nikaing'oa ile soli, sijui kwa nini, mkono ulizoea kuokota viatu. Sponji ya ndani ilikuwa inamwagika vidoleni kama mkate wa wiki mbili. Kwenye ncha tu kulikuwa na mstari mzima, mgumu, unang'aa. Gamu yangu ilikuwa imeshika. Kila kitu kingine kilikuwa kimekufa, gamu yangu ikashika.

Nilipowafikia, kiongozi alikuwa anamfunga binti yangu mguu wa kulia kwa fimbo na mkanda. Wa kushoto nao soli ilikuwa imefungua mdomo. Kijana akafungua begi lake, akatoa kutoka chini kabisa buti za kijani, chakavu, zenye namba ya chaki kisiginoni. Buti za kukodi. Saizi ya binti yangu. Alikuwa amezibeba siku tatu zote chini ya nguo zake na hakusema neno. Akapiga goti kwenye theluji, akauweka mguu mzima wa binti yangu juu ya paja lake, akamvua buti yangu, akamvalisha ile. Akabonyeza ncha kwa kidole gumba.

Mimi nilikuwa nimesimama na soli mkononi. Binti yangu alikuwa mweupe midomo, anatetemeka, lakini macho yalikuwa kwenye mkono wangu.

"Baba, lete nione."

Nikampa. Akapitisha kidole kwenye ule mstari.

"Hii gamu ni ya nini?"

"Ni ya kiwandani."

Mtoto aliyekulia kibandani. Mtoto aliyekuwa ananishikia mkebe wa gamu akiwa na miaka minane, anakohoa, nikimwambia ageuze uso. Akaiangalia tena, akaiweka juu ya theluji.

"Baba," akasema, "hii gamu ni yetu."

Kijana alisikia. Kiongozi alisikia, akajifanya anakaza mkanda.

Wabebaji walimshusha kwa kupokezana, kwenye machela ya kamba na fimbo, siku nzima na kipande cha siku ya pili. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Buti zangu zilisubiri mteremko. Kwanza soli ya kushoto, baadaye ya kulia, nikazifunga kwa kamba ya katani, kamba ikakatika. Mbebaji mmoja, kijana wa miaka ishirini hivi, akatoa gambuti zake za akiba kwenye mzigo akaniwekea mbele.

"Vaa hizi, mzee. Hakuna anayeangalia."

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Niliteremka mlima wa babu yangu nimevaa gambuti za kupewa, zimetoboka, ambazo kwangu hazingefika hata kwenye fagia.

Kifundo kilikuwa kimevunjika mahali pawili. Walimwekea chuma na skrubu hapa hapa Eldoret. Nilifika hospitali na bahasha ndani ya koti, noti nimezipanga. Mwanamke wa dirishani akasema bima ya kazini kwake imelipa yote. Nikamuuliza kama hakuna kilichobaki, hata kidogo. Akasema hakuna. Nikasimama pale na bahasha mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Mke wangu akanivuta mkono akasema, "Wewe, kaa chini. Leo hakuna bei."

Na yule kijana, hakunitukana hata siku moja. Angenitukana ningejua la kumjibu, mimi nimelelewa sokoni. Baba yake alipokuja kumwona mgonjwa, akauliza ilikuwaje, kijana akajibu mbele yangu, "Ilikuwa barafu tu. Ingemwangusha yeyote." Binti yangu aliangalia dirishani. Nilimchukia sana saa ile. Watu huwa wanasema nimshukuru kwa kusaidia kumshusha binti yangu, na hawajui deni langu lote, kwa sababu wanachojua ni barafu. Desemba wazee walipokaa, mimi niliyekuwa nimetayarisha hotuba ya saa nzima nilisema "sawa" mara nne au tano, na mazungumzo yakaisha kabla chai haijapoa.

Plasta ilipotoka, daktari alimwambia anahitaji kiatu kigumu cha kushika kifundo, mwaka mzima. Nilifungua mabelo manne. Katika la nne nikaipata, pea ya ngozi ya kahawia, mpya, soli imeshonwa kwa uzi, kitu cha kupigia magoti. Nilikunja, nikanusa, nikachoma kwa sindano kila pembe. Nikaipeleka Plateau mwenyewe.

Alinikaribisha vizuri. Alinipa chai, aliuliza habari za ndugu zake. Nikaitoa.

"Asante, baba. Weka hapo mlangoni."

Baada ya wiki tatu nilirudi. Buti zilikuwa mlangoni, mahali pale pale, kamba zimefungwa kama ninavyozifunga mimi. Yeye alikuwa na ndala na bandeji.

"Hazikutoshi?"

"Sijazijaribu."

"Mama, hizi hazina gamu. Naapa kwa kaburi la yule uliyerithi jina lake."

"Usiape, baba." Alikuwa anaosha vikombe, hakugeuka. "Nakuamini. Tatizo nikizichukua tu naanza kuzikunja. Nazinusa. Nazigonga ukutani kama vile ulivyonifundisha. Nazikagua mpaka nachoka, halafu naziweka chini nachukua ndala."

Njiani kurudi nilisimamisha gari mara moja, nikakaa tu.

Jumatatu niliingia duka la viatu mjini, lile la milango ya vioo. Miaka thelathini napita mbele yake natema mate. Msichana wa duka akaja.

"Karibu mzee. Ni yako ama ni ya mama?"

"Ni ya binti."

Nikamweleza, akaniletea buti nyeusi za kushika kifundo. Nikaikunja moja. Nikainusa. Nikaigonga kaunta, watu wawili wakageuka.

"Mzee, hiyo ni mpya," akasema, anazuia kicheko. "Haijavaliwa na mtu."

"Bei ya mwisho ni ngapi?"

"Hapa hakuna ya mwisho. Bei ni hiyo moja."

Nikalipa. Akaweka risiti kwenye sanduku, juu ya ile karatasi laini. Nikataka kumwambia aitupe, sijawahi kutoa wala kupewa risiti ya kiatu maishani mwangu. Nikamwacha aiweke.

Binti yangu alilifungua sanduku sebuleni kwake, mimi nimekaa kiti cha mkabala. Viatu aliviacha ndani. Alichukua risiti kwanza. Akaisoma kama anavyosoma majibu ya damu kazini, kutoka juu: jina la duka, tarehe, saa, saizi. Akaigeuza akaangalia nyuma. Kisha akaikunja akaiweka mfukoni, akavitoa viatu, akainama, akavivaa mwenyewe, akafunga kamba mwenyewe. Akasimama, akatembea hadi dirishani na kurudi.

"Viko sawa," akasema. "Ulilipa ngapi?"

Alikuwa ameshaiona bei kwenye risiti. Nadhani alitaka kuisikia ikitoka kinywani mwangu. Nikamwambia: shilingi elfu kumi na moja, mia nane na hamsini.